Msako wa makasha: Mchezo wa kumtoa kijana kitini

Wazazi wengi wa mijini hulalamika kwamba watoto wao hawatoki nje. Mtoto akirudi kutoka shuleni hutupa mkoba, huchukua simu na kuketi kwenye kochi hadi wakati wa chakula. Ukimnyang'anya simu, ni vita. Ukimwacha nayo, uzito unaongezeka na usingizi unapungua.

Shirika la Afya Duniani (WHO) hupendekeza kwamba watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya kuharakisha pumzi kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Takwimu zilizotolewa na shirika hilo mwaka 2019 zilionyesha kwamba ulimwenguni kote, wanafunzi 81 katika kila 100 wa umri wa miaka 11 hadi 17 hawakitimizi kiwango hicho. Kumwambia kijana "nenda ukakimbie" hakusaidii sana, kwani anayekimbia bila sababu huchoka upesi. Anahitaji kitu cha kufuata.

Leo ningependa kukueleza, msomaji, juu ya mchezo unaotumia simu hiyo hiyo kumtoa kijana kitini. Wachezaji wenyewe huuita jiokashingi. Mimi nitauita msako wa makasha. Ni mchezo wenye manufaa kwa afya, lakini una hatari zake pia, na kubwa zaidi humngoja mchezaji katika hatua kumi za mwisho.

Ulianza vipi?

GPS ni mtambo wa setilaiti za Marekani zinazozunguka dunia zikiwa umbali wa kilomita 20,200 hivi kutoka ardhini. Kifaa kilicho mkononi mwako hupokea ishara za setilaiti zisizopungua nne, kisha hupiga hesabu ya mahali ulipo. Zamani serikali ya Marekani ilikuwa ikizivuruga kwa makusudi ishara za raia, na kifaa kiliweza kukosea kwa hadi mita 100. Kizuizi hicho kiliondolewa Mei 2, 2000. Siku iliyofuata Mmarekani Dave Ulmer alificha ndoo yenye daftari na vitu vidogo vidogo karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, akatangaza nambari za mahali hapo kwenye intaneti. Ndoo hiyo ilipatikana siku chache tu baadaye. Leo kuna makasha zaidi ya milioni tatu duniani, na hapa Kenya yapo pia.

Unachezwa vipi?

Kijana hufungua programu ya mchezo kwenye simu, huchagua kasha lililo karibu, kisha hufuata mshale na umbali unaoonyeshwa. Kasha lenyewe laweza kuwa kijikebe kidogo kama kidole gumba au kisanduku cha plastiki chenye kifuniko. Ndani yake mna karatasi au daftari. Aliyelipata huandika jina lake la mchezo na tarehe, hulifunga vizuri na kulirudisha pale pale lilipokuwa. Yakiwemo makorokoro ya kubadilishana na akachukua kimoja, sharti aweke kingine chenye thamani sawa au zaidi.

Kila kasha hupewa alama mbili, kuanzia 1 hadi 5. Ya kwanza huonyesha ugumu wa kulitafuta, ya pili huonyesha ugumu wa njia. Anayeanza achague lenye 1 au 1.5 katika alama zote mbili, na lisiwe lile dogo kabisa. Asome pia taarifa za waliotangulia. Ikiwa watatu au wanne wa mwisho hawakuliona, huenda limekwisha kuondolewa, na mtoto atakata tamaa siku ya kwanza.

Jambo moja linawahusu zaidi wakazi wa nchi kama yetu, iliyopitiwa na ikweta. Nairobi iko kusini mwa ikweta, hivyo latitudo yake huanza na herufi S, ilhali ya Eldoret huanza na N. Ukiandika N badala ya S kwa latitudo ya katikati ya Nairobi, simu itakuelekeza umbali wa zaidi ya kilomita 280, karibu na Maralal huko Samburu! Kijana anayejifunza ramani darasani ataelewa hapa kwa nini mwalimu alisisitiza herufi hizo.

Faida kwa mwili

Msako mmoja waweza kumtembeza mtoto kilomita mbili au tatu bila yeye kuhesabu. Hupanda, huinama, huchuchumaa na kusimama tena. Moyo na mapafu hufanya kazi, na misuli ya miguu hupata nguvu. Aidha, uchunguzi umeonyesha kwamba watoto wanaokaa nje kwenye mwangaza wa mchana kwa muda mrefu hawapatwi sana na tatizo la kushindwa kuona vitu vya mbali. Kwa mtoto wa gorofani, hili si jambo dogo.

Mtoto mwenye pumu hana haja ya kuachwa nyumbani, mradi ugonjwa wake umedhibitiwa na dawa yake ya kuvuta imo mfukoni mwake, si kwenye gari. Mwenye kisukari anayetumia insulini abebe kitu chenye sukari na asiende peke yake. Mwenye ugonjwa wa selimundu anywe maji mara kwa mara na apumzike kabla ya kuchoka.

Hatua kumi za mwisho

Simu nzuri hukosea kwa mita tano hivi penye anga wazi. Chini ya miti au kati ya majengo marefu, hukosea zaidi. Hii ina maana kwamba mshale ukifika sufuri, kasha laweza kuwa kushoto, kulia au nyuma yako. Hapo kijana huanza kupekua mashimo, magogo na mirundo ya mawe, na hapo ndipo mikono huingia mahali ambapo macho hayajaingia.

Katika sehemu nyingi za nchi yetu yupo moma, ambaye wengine humwita kifutu. Nyoka huyu hakimbii akisikia vishindo. Hutulia tuli na rangi yake hufanana na majani makavu. Kwa hiyo kanuni ni moja: mkono usitangulie jicho. Simu irudi mfukoni. Tumia fimbo ndefu kugusa majani na kuinua kuni, na tochi kumulika shimo. Vaa viatu vilivyofunika mguu na suruali ndefu, si kandambili.

Iwapo mtu ataumwa na nyoka, mwondoe mbali naye na umtulize. Vua pete, saa na viatu kabla ya uvimbe kuanza. Kiungo kilichoumwa kisichezechezwe. Kifunge kwenye banzi kama mkono uliovunjika. Usichanje jeraha, usinyonye sumu, usifunge kamba ya kuzuia damu, wala usipoteze wakati kumsaka nyoka. Mpeleke hospitali mara moja.

Nyuki wakichokozwa, kimbieni mkiwa mmefunika nyuso, wala msisimame kuwapiga. Miiba yao ing'olewe upesi. Midomo ikivimba au pumzi ikianza kubana, hiyo ni dharura ya hospitali. Jeraha la msumari au bati lioshwe kwa maji safi na sabuni, kisha mtoto apelekwe zahanati ili ijulikane kama anahitaji sindano ya pepopunda.

Barabara na watu

Magari na bodaboda ni hatari ya kila siku kuliko nyoka. Mwambie kijana asimame kabisa kila anapotaka kuitazama simu. Mtu anayetembea akiwa ameinamia mshale haoni mtaro, wala hasikii honi. Katika miji yetu, simu iliyoshikwa mbele ya uso huweza pia kuwavutia wezi.

Anza na mahali penye walinzi na watu wengine wanaotembea, kwa mfano Msitu wa Karura au Bustani ya Miti ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1907. Chunguza kwanza kama kasha lililo karibu bado lipo. Nendeni mchana, mkiwa wawili au zaidi, na watoto wadogo waandamane na mtu mzima. Mtoto asitumie jina lake halisi, wala asikubali kukutana na mchezaji asiyemjua bila wazazi kuwapo.

Kumbuka vilevile jinsi unavyoonekana kwa wengine. Mwaka 2011 mjini Wetherby, Uingereza, kasha lililofichwa nje ya mkahawa lilidhaniwa kuwa bomu, na wataalamu wa jeshi wakalilipua. Nairobi, ambayo imeshuhudia mashambulizi ya 1998, 2013 na 2019, ina kila sababu ya kuwa macho. Kijana anayechutama nyuma ya ukuta wa jengo la maduka atatiliwa shaka. Msalimie askari, umweleze unachofanya, na akikukataza, ondoka.

Kwa sababu hiyo hiyo, anayetaka kuficha kasha lake aombe ruhusa ya mwenye ardhi, alibandike maandishi ya kueleza ni nini, na asiliweke karibu na shule, kituo cha polisi au reli. Asitie ndani chakula, dawa, kisu wala kiberiti. Harufu ya chakula huwavuta wanyama, na atakayelifungua kasha hilo huenda akawa mtoto wa miaka sita.

Kwa Jumamosi ya kwanza, vitu hivi vyatosha: lita moja ya maji kwa kila mtu, kofia, kalamu, fimbo, tochi na simu iliyojaa chaji. Chagueni kasha moja tu, waambieni walio nyumbani mnakokwenda na saa ya kurudi. Msipolipata baada ya nusu saa, rudini. Mtakuwa mmetembea, mmepata jua na mmezungumza njiani, na hiyo ndiyo dawa niliyokusudia kuwaandikia.