Kisima Chako Kinakunywa Mto Uleule

Vijana wafugaji, kila kiangazi naulizwa: "Afisa, nikichimba kisima changu, si shida ya maji imeisha?" Haijaisha. Tuangalie wenzetu wa bonde la San Luis, jimbo la Colorado, Marekani.

Bonde liko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na ni jangwa: mvua ni kama milimita 180 tu kwa mwaka. Maji yao ni theluji ya milimani, inayoyeyuka hasa Mei na Juni na kujaza mto Rio Grande. Maji yakiwa mengi, wafugaji wanamwagilia majani bondeni huku ng'ombe wakilisha milimani. Majani hayo yanakatwa, yanakaushwa, yanafungwa marobota ya kulishia wakati wa baridi.

Mto una foleni: aliyetangulia kupata haki ya maji ndiye wa kwanza, na ukipungua wa nyuma wanafungiwa. Mkataba wa 1938 nao unadai sehemu ya maji iteremke hadi New Mexico na Texas.

Basi wengi wakachimba visima. Kumbe maji ya chini na ya mto yameshikana. Ukivuta huku, kule kunapungua. Ukame wa 2002 ulipoyashusha sana, wakulima wakaunda umoja na kukubali kujitoza. Kufikia 2012 walikuwa wakilipa dola 75 kwa kila mita za ujazo 1,233 hivi. Pesa hizo zinafidia mto na kuwalipa wanaopumzisha mashamba. Nafuu ilionekana, lakini ukame wa 2018 ukayashusha tena.

Wewe ufanye nini?

1. Funga mita kwenye pampu. Usichopima huwezi kukipangia.

2. Weka maji ya masika kwenye robota. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji kama kilo 10 za chakula kikavu kwa siku. Kiangazi cha siku 120 ni kilo 1,200. Ongeza kidogo kwa unyevu na upotevu, panga marobota 90 ya kilo 15. Ng'ombe 20? Marobota 1,800.

3. Stoo haifikii hesabu hiyo? Uza wachache mapema, wakiwa na mwili na bei ingali nzuri.

4. Kaa kikao na majirani mnaotumia mto mmoja, mkubaliane zamu kabla haujakauka. Ukishakauka, hakuna cha kugawana ila ugomvi.