Reli, Barabara na Mfuko wa Mkulima wa Tanga

Mwaka 1893 mambo mawili yalitukia Tanga. Wajerumani walianza kutandaza reli kutoka bandarini kuelekea bara. Na mwaka huohuo Dakta Richard Hindorf aliingiza nchini miche ya mkonge iliyotoka Florida, huko Marekani. Katika miche 1,000 iliyosafirishwa, 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai. Kutokana na hiyo 62 yakazaliwa mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa nchi ya katani.

Ndugu wasomaji, mtu aliyepata kufanya kazi shambani atajua kwa nini reli na mkonge vilifuatana kama pacha. Kilo 100 za majani hutoa kilo 4 hivi tu za nyuzi. Yanayobaki ni maji na takataka. Tena jani likikatwa sharti lifike kwenye korona kabla halijakauka. Ndiyo maana kila shamba kubwa lilikuwa na vijireli vyake na matoroli, na marobota yakatoka hapo kwenda stesheni, na stesheni hadi melini. Bei ya katani ilipoanguka, mwenye shamba lililo kando ya reli alipunguziwa faida. Aliye mbali alifilisika. Ardhi ni ileile, mvua ni ileile, na manamba anayekata ni yuleyule. Tofauti ilikuwa maili chache.

Yafaa pia tuitazame Pangani. Kabla ya reli, huo ndio uliokuwa mji wa misafara, pembe za ndovu zikishuka kutoka bara. Na hapo ndipo Abushiri bin Salim alipowapinga Wajerumani mwaka 1888. Lakini Tanga ina ghuba yenye kina, na mlango wa mto Pangani una fungu la mchanga. Reli ikaanzia Tanga. Ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911, na biashara ya Pangani ikahama pamoja nayo. Watu wa Pangani hawakuwa wavivu kuliko watu wa Muheza. Njia haikuwapitia, basi.

Wala aliyeichora njia ile hakumfikiria mkulima wa Kisambaa. Reli ilipita chini ya milima, naye yuko juu. Leo mboga na matunda ya Lushoto hushuka kwa malori kupitia Soni hadi Mombo, kisha Dar es Salaam, na hapana shaka barabara hiyo ya lami imewanufaisha wengi. Lakini muulize anayelima kijiji kisicho kando ya lami. Kabichi zake hubebwa kichwani, au kwa pikipiki, mpaka lilipo lori. Mvua ikinyesha, lori halipandi, na kabichi haingoji. Dalali analijua tope hilo vizuri sana kuliko mhandisi, naye hutaja bei akiwa ameketi.

Mwaka 1963 reli ya Tanga iliunganishwa na reli ya kati kwa kipande cha Mruazi hadi Ruvu. Baadaye njia ya kaskazini ililala miaka mingi, hata mwaka 2019 mabehewa yalipopita tena kwenda Moshi. Bandari nayo imechimbwa kwa zaidi ya shilingi bilioni 400, na meli kubwa sasa hufunga gatini, ambapo zamani zilitia nanga mbali na makuli wakahamisha shehena kwa matishari. Hayo ni mambo ya kujivunia. Hata hivyo gati zuri halimfikii mtu ambaye mzigo wake umekwama maili tatu kutoka barabarani, na halmashauri zetu hupenda mno kuzindua vitu vinavyopigwa picha. Kalvati ya kijijini haina mpiga picha.

Sasa zamu ya Pangani yaja. Barabara ya pwani itokayo Tanga kupitia Pangani na Saadani hadi Bagamoyo imepangiwa daraja juu ya mto, mahali ambapo kwa miaka mingi watu na magari walingoja kivuko. Lori litakapovuka bila kungoja, nazi zilizopakiwa zitakuwa zimenunuliwa kwa bei ya nani? Vyama vya ushirika vya wilaya hiyo vingefaa kulizungumza jambo hili mapema, kabla madalali hawajajenga vibanda vyao upande wa Bweni.