Mkurugenzi Alilipwa kwa Kosa la Waziri

Kila ninapoandika juu ya haki ya mtumishi wa umma kusikilizwa kabla ya kufukuzwa, wasomaji hunirudia na swali lile lile: mbona Uingereza mkurugenzi wa huduma za watoto alilipwa fedha nyingi ilhali mtoto aliyekuwa akifuatiliwa na idara yake aliuawa? Wengine huongeza kwamba sheria inayomlipa mtu wa namna hiyo ni sheria ya wakubwa. Nimelijibu swali hili kwa kifupi mara nyingi. Leo nalijibu kwa kirefu, maana limejengwa juu ya imani potofu inayowaumiza watoto, nami nimechoka kuiona ikipokelewa kama hekima.

Mtoto huyo ni Peter Connelly. Alifariki tarehe 3 Agosti 2007 katika manispaa ya Haringey, kaskazini mwa London, akiwa na umri wa miezi 17, na mwili wake ulikutwa na majeraha zaidi ya 50. Katika miezi yake 8 ya mwisho alionwa mara zipatazo 60 na maafisa ustawi wa jamii, madaktari, wauguzi na polisi. Novemba 2008 kesi ya waliohusika na kifo chake ilipotolewa hukumu, nchi iliwaka. Gazeti la The Sun lilikusanya saini zaidi ya milioni moja kudai watumishi wafukuzwe. Tarehe 1 Desemba waziri mwenye dhamana ya watoto, Ed Balls, alisimama mbele ya kamera na kutangaza kwamba mkurugenzi, Sharon Shoesmith, anaondolewa katika wadhifa wake. Siku 7 baadaye halmashauri ikamfuta kazi bila notisi na bila malipo.

Wengi huishia hapo, kisha wanaruka hadi mwaka 2013 aliposuluhishwa na halmashauri, na kwenye hesabu za fedha zilizoonyesha kwamba suluhu hiyo iligharimu pauni 679,452. Yaliyotokea katikati hawayasomi, na jibu la swali lao limo humo.

Shoesmith alishindwa Mahakama Kuu mwaka 2010. Alikata rufaa, na tarehe 27 Mei 2011 Mahakama ya Rufani ikampa ushindi dhidi ya waziri na halmashauri. Majaji hawakusema kwamba alifanya kazi yake vizuri, wala hawakusema kwamba idara yake haikukosea. Walisema jambo moja: aliondolewa bila kuelezwa anatuhumiwa nini na bila kupewa nafasi ya kujibu. Waziri alikuwa na ripoti ya ukaguzi mkononi. Mwanamke huyu hakuulizwa ana lipi la kusema juu yake. Jaji Maurice Kay alieleza waziwazi kwamba kuwajibika kwa kiongozi si sawa na kukata kichwa cha mtu ili umma uridhike. Serikali iliomba kwenda Mahakama ya Juu, ikakataliwa.

Sasa tupige hesabu. Mshahara wake uliripotiwa kuwa pauni 133,000 kwa mwaka. Kiwango cha chini cha fidia ambacho Mahakama ya Rufani ilikitaja kilikuwa mshahara wa miezi 3, yaani takriban pauni 33,000, pamoja na michango ya pensheni. Kama halmashauri ingemwandikia mashtaka, ikamsikiliza na kuthibitisha kosa kubwa la kiutumishi, ingeweza kumfukuza bila kumlipa hata pauni moja. Ilipomfukuza kinyume cha sheria, ilijitwika mzigo wa mishahara ya nyuma, fidia ya kupoteza kazi, pensheni na gharama za kesi za miaka kadhaa. Fedha hizo hazikuwa zawadi ya kifo cha mtoto, bali gharama ya tangazo la siku moja kwenye televisheni, na aliyetoa tangazo hilo hakudaiwa kitu.

Fedha, hata hivyo, ndiyo hasara ndogo. Ninachotaka kukibomoa ni imani yenyewe, kwamba kumwondoa mkubwa haraka na hadharani ndiko kuwajibisha. Sivyo. Kufanya hivyo ni funika kombe mwanaharamu apite.

Tazama yaliyofunikwa. Tarehe 25 Julai 2007 kikao cha halmashauri na wanasheria wake kiliamua kwamba ushahidi hautoshi kwenda mahakamani kumchukua mtoto. Tarehe 1 Agosti daktari wa watoto alimwona Peter kliniki, siku 2 kabla hajafa, na hakugundua kwamba mgongo wake ulikuwa umevunjika. Tarehe 2 Agosti mama yake aliambiwa kwamba hatashtakiwa kwa majeraha ya awali. Na Ofsted, chombo cha ukaguzi kilichoandika ripoti kali aliyoitumia waziri, kilikuwa kimeipa idara hiyo hiyo ya Haringey alama nzuri mwaka 2007. Wanasheria, hospitali, polisi, waendesha mashtaka, wakaguzi: kila mmoja alikuwa na maswali ya kujibu mbele ya watu wazima waliotulia. Shoesmith naye alikuwa nayo, na mengi. Lakini umma ulipopewa jina moja na picha moja ya kuchukia, hamu ya kuwauliza wengine ilipungua. Mkurugenzi aliyefukuzwa bila kusikilizwa hajajibu chochote. Amenyamazishwa, na hukumu ikamgeuza kutoka mtuhumiwa kuwa aliyedhulumiwa. Nani alifaidika na hilo?

Watoto hawakufaidika. Baada ya tukio lile, hofu iliingia katika idara za ustawi nchini England. Maombi ya mahakama ya kuwaondoa watoto majumbani yalipanda kutoka takriban 6,500 katika mwaka wa fedha wa 2008/09 hadi kupita 10,000 mwaka 2011/12. Baadhi ya watoto hao bila shaka waliokolewa. Lakini afisa anayeamua kwa kuogopa gazeti hamtazami mtoto, anatazama jalada lake la kujikinga. Profesa Eileen Munro, aliyepewa kazi na serikali ya kuuchunguza mfumo mzima, alisema katika ripoti yake ya Mei 2011 kwamba kanuni, fomu na malengo vilikuwa vimemtenga afisa na mtoto anayepaswa kumlinda. Mtu hatibu hali hiyo kwa kumtisha bosi wake.

Najua hoja inayofuata: je, wakubwa wasiguswe? Waguswe, tena kwa nguvu. Cheo chenyewe cha mkurugenzi wa huduma za watoto kilitokana na kifo cha mtoto mwingine katika Haringey hiyo hiyo. Victoria Climbié, msichana wa miaka 8 kutoka Ivory Coast, aliuawa mwaka 2000. Uchunguzi wa Lord Laming uliotoka Januari 2003 uliwakemea vikali wakubwa waliodai hawakujua yanayotendeka chini yao, na sheria ya watoto ya mwaka 2004 ikaweka mtu mmoja katika kila halmashauri asiyeweza kusema sikujua. Naunga mkono kila neno la sheria hiyo. Mtu huyo ahojiwe, apimwe, na akithibitika kuzembea aondoke mikono mitupu.

Na pasipo na utaratibu, hata mwenye lawama kubwa huweza kung'ang'ania kiti. Ripoti ya Alexis Jay ya Agosti 2014 ilikadiria kwamba watoto 1,400 walidhulumiwa kingono katika mji wa Rotherham, England, kati ya 1997 na 2013. Shaun Wright, aliyekuwa diwani msimamizi wa huduma za watoto huko kuanzia 2005 hadi 2010, wakati huo alikuwa kamishna wa polisi wa kuchaguliwa, na sheria haikumpa waziri wala kamati yoyote uwezo wa kumwondoa. Alikaa wiki kadhaa akitakiwa ajiuzulu na kila mtu, hadi alipoamua mwenyewe mwezi Septemba.

Msione kwamba haya ni ya Wazungu. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Ibara ya 236 ya Katiba ya Kenya inakataza afisa wa umma kufukuzwa au kushushwa cheo bila kufuata utaratibu wa sheria. Kiongozi anayemfuta mtu kazi jukwaani akishangiliwa anaiachia serikali kesi. Bili hufika miaka baadaye, shangwe zikiwa zimesahaulika, na hutoka katika mfuko ule ule unaopaswa kumnunulia afisa ustawi mafuta ya pikipiki ya kumfikia mtoto kijijini.

Njia zipo na si ngumu. Msimamishe mkuu wa idara kupisha uchunguzi, kwa mshahara, siku hiyo hiyo ukitaka. Mpe mashtaka kwa maandishi na ushahidi wote. Asikilizwe na watu wasiokuwa na deni la kisiasa. Weka muda wa mwisho wa uamuzi, wiki na si miaka. Mkataba wake utaje tangu mwanzo ni uzembe gani unaofuta stahiki zake zote. Chapisha ripoti ya kifo cha mtoto ukificha majina ya familia tu. Ita mezani polisi, hospitali na wakaguzi pamoja naye. Waziri aliyekata bajeti naye ahojiwe bungeni.

Kwa hiyo, msomaji, siku utakapomsikia kiongozi akitangaza kwamba fulani hana kazi kuanzia saa hiyo, usipige makofi kwanza. Uliza hati ya mashtaka iko wapi, uliza nani wengine walimwona mtoto huyo, na usikubali kurudi nyumbani na jina moja tu.