Kadi ya Gari Isilale Ndani ya Gari

Tafadhali mwalimu ashike chaki, maana leo tuna maneno matano ya kuandika ubaoni: kadi, nakala, chasisi, imepotea, imeibwa. Maneno mawili ya mwisho yaandikwe mbalimbali. Tutayarudia.

Somo letu ni wizi wa vitu vilivyomo ndani ya motokaa. Katika jiji la Arusha motokaa husimama kila mahali: karibu na Soko Kuu, kando ya Barabara ya Sokoine, penye Mnara wa Saa, na siku ya soko huko Tengeru husimama hata karibu na migomba ya watu. Mwenye gari hushuka akasema moyoni, "Nakwenda dakika tano tu." Mwizi hahitaji dakika tano. Huvunja kioo kidogo cha mlango wa nyuma, akaingiza mkono, akafungua. Wengine hawavunji kitu. Siku hizi magari mengi hufungwa kwa rimoti, na wako wezi wenye chombo kidogo cha kuzuia ishara ya rimoti isifike garini. Mwenye gari hubonyeza, huenda zake, kumbe mlango u wazi. Basi ukisha kubonyeza, vuta kitasa kwa mkono wako mwenyewe.

Mwizi huyu hutafuta nini? Simu, mkoba, redio, pengine vioo vya pembeni na taa. Ndiyo maana mmeona magari mengi yamechorwa namba zake juu ya vioo na taa. Kioo chenye namba ya mtu ni kigumu kuuzika. Lakini vitu hivyo vyote vina bei, na ukipata fedha utanunua vingine. Kitu kinacholeta taabu ndefu ni bahasha ya karatasi.

Tuseme bwana mmoja wa Usa River, mchuuzi wa nyanya, ana gari dogo la mizigo. Ndani ya kisanduku cha mbele ameweka bahasha. Ndani yake mna kadi ya gari, mkataba aliponunulia, nakala ya kitambulisho chake, na juu ya mkataba iko sahihi yake. Ameweka pamoja ili visipotee! Usiku mmoja bahasha inakwenda. Sasa mwizi anajua jina lake, anajua anakokaa, ameiona sahihi yake. Aweza kuiga sahihi ile katika mkataba wa uongo. Aweza kuipeleka kadi kwa mkopeshaji asiyeuliza maswali, akaiweka rehani. Aweza pia kuwa na gari jingine la wizi, la aina ile na rangi ile, akalitengenezea vibao vya namba za bwana yule. Hapo yako magari mawili yenye namba moja, na moja likifanya uovu, askari watabisha hodi Usa River.

Sasa tuitazame kadi yenyewe. Hutolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, ambayo wengi huiita TRA. Maneno yake mengi ni ya Kiingereza, na wako watu wazima ambao huikunja bila kuisoma kwa sababu hiyo. Msiogope. Jina la mtu ni lile lile kwa lugha yo yote, na tarakimu ni zile zile mlizojifunza. Tafuteni mambo matatu: jina la mwenye gari, namba ya usajili, ambayo kwa motokaa za watu huanza na herufi T, na kwa pikipiki MC, na namba ya chasisi. Hii ya tatu imegongwa katika chuma chenyewe. Katika pikipiki huonekana shingoni, chini ya usukani. Katika magari mengi yaliyotumika Japani iko ndani ya boneti au chini ya kiti, nayo ni herufi na tarakimu, kisha kistari, kisha tarakimu tena. Kibao cha namba hufunguliwa kwa bisibisi. Namba ya chuma haifunguliwi.

Kadi na ikae nyumbani, mahali pakavu penye kufuli. Garini weka nakala. Iko safari ambayo kadi yenyewe huna budi kuichukua, kama kuvuka mpaka pale Namanga. Hapo iwe mfukoni mwako, wala si garini.

Je, ikiisha kuchukuliwa? Nenda polisi siku ile ile. Hapa ndipo maneno yetu mawili yanapofanya kazi. Wengi humwambia askari, "Kadi imepotea," kwa kuona ni njia fupi. Lakini kitu kilichopotea kimeanguka tu, hakina mkosaji. Kama kioo kimevunjwa, sema, "Kadi imeibwa," ukataje siku, saa na mahali. Taarifa itaandikwa, nawe utapewa namba yake, ile ambayo watu huita RB. Itunze. Kadi yako ikitokea mikononi mwa mtu baadaye, tarehe ile ndiyo itakayokusemea. Kisha uende TRA na karatasi za polisi, nakala ya kadi na kitambulisho, uombe kadi nyingine. Mwenye nakala hapati shida ya kutafuta namba kichwani.

Iko taabu ya mtu wa pili, nayo hunisikitisha zaidi. Mkulima wa kahawa wa mitelemko ya Meru amejiwekea akiba miaka mitatu anunue pikipiki. Anakutana na kijana mwenye haraka, bei ni nafuu, kadi ipo. Analipa. Mwezi wa pili askari wanaichukua pikipiki, maana ni ya wizi, na mwizi hawezi kumpa mtu haki asiyokuwa nayo. Zaidi ya hayo, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, humwadhibu apokeaye mali huku akijua ni ya wizi, kwa hiyo mkulima naye atahojiwa. Kabla ya kutoa fedha angeinama shingoni mwa pikipiki na kadi mkononi, akalinganisha herufi moja moja, halafu angemwambia yule kijana, "Twende pamoja TRA, mdogo wangu." Muuzaji wa haki atakwenda.

Kazi ya leo. Kila mmoja aandike katika daftari taarifa ya mistari mitatu kwa polisi: nini kimeibwa, wapi, saa ngapi. Mwenye pikipiki au gari aandike namba ya chasisi kwa kuitazama katika chuma, kisha mwenzake amsomee kadi kwa sauti. Zisipolingana, mwonyesheni mwalimu.