Vuli Itakuwaje? Bahari ya Hindi na Utabiri wa Mvua za Mwisho wa Mwaka

Kila mwaka, mwezi wa Agosti unapokaribia kwisha, swali moja huanza kuulizwa katika pwani yetu: je, vuli ya mwaka huu itakuwaje? Mkulima wa Muheza huliuliza akiwa na mbegu mkononi, na mkazi wa bondeni katika Dar es Salaam huliuliza akitazama alama ya maji ya mafuriko yaliyopita ukutani mwa nyumba yake. Katika miezi hiyohiyo watu wa Ulaya huuliza swali lililo ndugu ya hili, maana kwao majira ya baridi yanakaribia. Mwanafunzi wa sayansi hana budi kujua swali hili linajibiwaje, na jibu lenyewe lina thamani gani.

Tuanze na jua. Baada ya tarehe 23 Septemba hivi jua la utosi huvuka ikweta kuelekea kusini, na ule ukanda ambamo pepo za kaskazini na pepo za kusini hukutana huanza kulifuata. Kusi hulegea, bahari hutulia, na kaskazi bado haijashika nguvu. Ukanda huo upitapo juu yetu kati ya Oktoba na Desemba, hewa yenye unyevu hupanda, hupoa, na mvuke hugeuka matone. Hiyo ndiyo vuli ya Mombasa, Tanga, Pemba, Unguja na Dar es Salaam. Lindi na Mtwara zina msimu mmoja mrefu wa mvua, kwa hiyo maelezo yatakayofuata yasichukuliwe kuwa yanazifaa mzimamzima.

Lakini jua huvuka ikweta kila mwaka kwa wakati uleule. Kama jua peke yake ndilo lingekuwa sababu, vuli zote zingefanana, nazo hazifanani hata kidogo. Basi tofauti hutoka wapi? Kwa sehemu kubwa hutoka baharini.

Tuifikirie Bahari ya Hindi kama karai kubwa la maji, upande mmoja ukiwa Afrika na upande wa pili Sumatra. Mwezi wa Oktoba na Novemba, kwa kawaida, pepo za juu ya ikweta huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Pepo hizo huyasukuma maji ya moto ya juu hadi yakajikusanya karibu na Sumatra. Mkondo huo wa maji ulielezwa na mtaalamu Klaus Wyrtki mwaka 1973. Mahali penye maji ya moto hewa hupanda, na mahali pengine hewa hiyo haina budi kushuka. Kwa bahati mbaya mahali pa kushuka ndipo hapa kwetu. Hewa ishukayo haileti mvua, na hii ni moja ya sababu zinazoifanya Afrika Mashariki, ijapokuwa iko kwenye ikweta, iwe kavu kuliko Indonesia.

Sasa miaka mingine pepo hizo hulegea, au hata hugeuka na kuvuma kutoka mashariki. Maji ya baridi huibuka kutoka vilindini karibu na Sumatra, na maji ya moto hubaki upande wetu. Hewa hupanda juu yetu na kushuka kule. Mwaka 1999 wataalamu waliofanya kazi Japani, wakiwemo Saji na Toshio Yamagata, waliieleza hali hii na kuiita dipoli ya Bahari ya Hindi, yaani bahari yenye ncha mbili. Kipimo chake ni hesabu ya kutoa tu: chukua kiasi ambacho halijoto ya maji ya upande wa magharibi imepita wastani wake, kisha utoe kiasi kama hicho cha upande wa mashariki. Jibu likizidi nyuzi 0.4 za sentigredi kwa wiki kadhaa, husemwa kwamba dipoli ni chanya, nasi hutarajia mvua nyingi. Likiwa hasi kwa kiasi hicho, hutarajia ukame. Mwaka 2016 na mwaka 2022 dipoli ilikuwa hasi, na vuli ikawa haba mahali pengi.

Hapa pana kosa ambalo nimelisikia mara nyingi, hata vyumbani mwa walimu, nalo ni kudhani kwamba El Niño ndiyo kila kitu. El Niño ni kupata moto kwa maji ya Bahari ya Pasifiki, mbali sana na sisi. Ni kweli kwamba mara nyingi huiamsha dipoli chanya, na ndivyo ilivyokuwa mwaka 1997, mvua zilipoharibu barabara na madaraja katika Afrika Mashariki. Lakini mwaka 1961 hapakuwa na El Niño, na mvua za mwisho wa mwaka huo zilianzisha kupanda kwa Ziwa Viktoria kwa zaidi ya mita 2 kufikia 1964. Mwaka 2019 nao hapakuwa na El Niño ya kutajika, ila dipoli ilifikia kiasi cha nyuzi 2, na mafuriko yakaja. Kinyume chake, mwaka 2015 El Niño ilikuwa miongoni mwa zile zenye nguvu kabisa zilizopata kupimwa, lakini dipoli ilikuwa dhaifu, na vuli haikuwa ile gharika iliyohofiwa.

Mwaka huo wa 2015 ninao moyoni. Mjomba wangu, mkulima wa Muheza, aliniuliza, nami nikamjibu kwa kiburi cha mtu aliyerudi na shahada ya ng'ambo: mafuriko yanakuja, bonde usiliguse. Akaliacha. Mvua ikanyesha kwa kiasi, bonde halikufurika, na majirani wakavuna mpunga. Alinitazama akaniambia, "Mjomba, bahari uliyoisoma wewe si hii yetu." Alikuwa na haki mara mbili, kwani nilikuwa nimesoma bahari isiyo yetu, na tena nilikuwa nimempa yakini mahali ambapo sayansi ina uwezekano tu.

Maana utabiri wa msimu hausemi "itanyesha". Wataalamu huichukua miaka 30 iliyopita, kwa sasa 1991 hadi 2020, na kuigawa katika mafungu matatu yaliyo sawa: miaka ya mvua nyingi, ya kadiri, na ya mvua chache. Pasipo habari yoyote ya bahari, kila fungu lina nafasi moja katika tatu. Habari za bahari huzibadili nafasi hizo. Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani kwa kopo na maharage. Tia maharage mekundu matano kwa mvua nyingi, meupe matatu kwa mvua za kadiri, na meusi mawili kwa ukame. Kopo hilo ni utabiri wa asilimia 50, 30 na 20. Sasa mwanafunzi atoe harage moja bila kuangalia. Akitoa jeusi, je, kopo limesema uongo? La. Kopo litahukumiwa baada ya kutoa na kurudisha mara nyingi, na utabiri vivyo hivyo, kwa miaka mingi. Lakini mkulima hutoa harage moja tu kwa mwaka, na ndilo atakalokula.

Niseme pia kwamba sisi tuna bahati. Nilipokuwa masomoni Ulaya niliona jinsi wenyeji walivyohangaika kuyatabiri majira yao ya baridi, maana hewa ya kule husukwasukwa na dhoruba zisizotii bahari kwa muda mrefu. Bahari yetu ya tropiki hubadilika polepole na hewa huifuata kwa karibu zaidi. Hivyo vuli hutabirika vizuri kuliko misimu mingi duniani, na kuliko masika yetu wenyewe.

Hata hivyo msimu si siku. Desemba 2011 Bahari ya Pasifiki ilikuwa katika La Niña, hali iliyo kinyume cha El Niño, ambayo wengi huihesabu kuwa dalili ya ukame. Mvua ya siku chache ikaigharikisha Dar es Salaam, watu wapatao 40 wakafa, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Onyo la siku mbili tatu kabla ni kazi ya utabiri wa namna nyingine, nao hauna budi kusikilizwa hata mwaka ambao kopo lina maharage meusi mengi.

Mwaka 2023 El Niño na dipoli chanya vilikuja pamoja. Mjomba alinipigia simu mwezi wa Septemba. Safari hii sikumwambia apande wala asipande. Nilimweleza habari za kopo. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Meusi mangapi?" Nikamwambia ni machache, lakini yamo. Alipanda mihogo mteremkoni, na mpunga akautia kwenye robo tu ya bonde. Mvua zilipokuja, robo ile ilikwenda na maji.