Fedha ya Kahawa na Mlango wa Benki



Wenzetu wa Karagwe na Kyerwa, Mkoa wa Kagera, hawalimi karafuu. Zao lao ni kahawa. Hata hivyo khabari zao zinatuhusu. Wilaya hizo zilikuwa moja mpaka mwaka 2012, na hadi leo wakulima wake wana chama kikuu kimoja cha ushirika, KDCU. Mwaka 2018 Serikali iliagiza kahawa iuzwe kwa njia ya ushirika na malipo ya mkulima yapitie benki. Faida yake inajulikana: fedha haipotei njiani, na hesabu inaonekana.

Lakini inaonekana na nani? Mfikirini mkulima asiyeona. Kahawa yake ya maganda anaijua kwa mkono, kama sisi tunavyoijua karafuu kavu kwa kuivunja. Alipolipwa taslimu alizipapasa noti, kwani ya elfu kumi ni ndefu kuliko ya elfu moja. Sasa anapewa fomu asome na atie saini. Kwenye mashine ya fedha vitufe atavipapasa, maana namba tano ina kinundu, lakini kioo hakimwambii kitu. Basi humpa mtu namba yake ya siri. Mtu huyo akiwa mwema, alhamdulillahi. Akiwa si mwema, mavuno ya mwaka mzima yamekwenda, na mwenyewe hana ushahidi.

Kiziwi naye akiitwa dirishani hasikii. Mwenye kiti cha magurudumu akipanda vilima mpaka mjini, anakuta ngazi mlangoni.

Sheria si haba. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya Tanzania Bara ni ya mwaka 2010. Sisi Zanzibar tulikuwa na yetu tangu 2006, ikatungwa mpya mwaka 2022. Na dawa yenyewe si ghali: njia ya mteremko badala ya ngazi, mashine inayosema kwa sauti ya sikioni, karani mmoja ajuaye lugha ya alama, na fomu kusomwa mbele ya shahidi aliyechaguliwa na mteja mwenyewe. Huko Kayanga shirika la KCBRP limewahudumia watu wenye ulemavu kwa miaka mingi. Benki ikitaka kujua la kufanya, wa kuwauliza wapo.

Wazee walisema: hujafa hujaumbika. Nani katika sisi asiyemjua mchumaji aliyeteleza mkarafuuni, akaondoka shambani amebebwa? Alipanda asubuhi mzima, na jioni ngazi tatu za benki zikawa mlima kwake.

Kwa hiyo, wanachama, kabla ya msimu ujao kila tawi liulize jambo moja: wako wangapi kwetu wasioweza kuchukua fedha zao wenyewe, bila kumpa mwingine siri yao? Majina yao yapelekwe kwa meneja wa benki. Fedha ya mkulima ni jasho lake, na haki yake ni kuishika kwa mkono wake.