Meza ya Kikuyu, 1913 (Sehemu ya Tatu)

Tangu Oktoba 2025, alipotangazwa Sarah Mullally kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, mwanamke wa kwanza kupewa kiti hicho, Waanglikana wa kwetu hawaishi kusemezana. Hazikupita wiki nyingi, GAFCON, umoja wa Waanglikana wahafidhina ulio chini ya Askofu Mkuu Laurent Mbanda wa Rwanda, ikatamka kwamba haitahudhuria tena mikutano inayoitishwa na Canterbury. Wengi wanalizungumza jambo hili kana kwamba ndiyo mara ya kwanza ndugu wa kanisa moja kukataana hadharani. Waliosoma sehemu mbili zilizotangulia wanazifahamu tofauti za misheni mbili za Kianglikana, CMS na UMCA, kwa hiyo sizirudii. Twende moja kwa moja Kikuyu.

Juni 1913 wamisionari walikutana kwenye misheni ya Waskoti pale Thogoto: CMS, Wapresbiteri, Wamethodisti, Africa Inland Mission na wengineo. Shida yao ilikuwa ya kweli. Kijana aliyebatizwa na Waskoti akienda kutafuta kazi Mombasa, nani atampokea mezani pa Bwana? Wakapanga shirikisho la misheni. Askofu Willis wa Uganda ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Walipomaliza, Askofu Peel wa Mombasa akaongoza Ushirika Mtakatifu ndani ya kanisa la Wapresbiteri kwa Kitabu cha Sala cha Kianglikana, Mskoti Norman Maclean akahubiri, na wengi wa madhehebu mengine wakapokea mkate na divai pamoja na Waanglikana.

Habari ilipomfikia Frank Weston wa UMCA, Askofu wa Zanzibar, hakunyamaza. Aliwashtaki Willis na Peel kwa Askofu Mkuu Randall Davidson kuwa wameingia katika uzushi na mfarakano. Kwake yeye, palipokosekana askofu palikosekana kanisa. Magazeti ya Uingereza yalijaa Kikuyu, mahali ambapo wasomaji wake wengi hawakuwa wamewahi kupasikia. Davidson alikataa kufungua kesi ya uzushi, akawapa maaskofu washauri walipime jambo lenyewe. Jibu lilitoka Pasaka ya 1915: Mkristo wa dhehebu lingine aliye mbali na mchungaji wake aweza kukaribishwa, lakini ibada ya pamoja kama ile ya Kikuyu isirudiwe. Mwaka huohuo Weston alitangaza kuvunja ushirika na Askofu wa Hereford huko Uingereza, kwa kumpa cheo mwanateolojia ambaye Weston aliona anapotosha imani. Matamko ya kukatana, basi, hayakuanzia GAFCON. Yalishatoka Zanzibar zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Hapa ndipo wengi humfunga Weston katika fungu la watu wakali wasio na upendo, nami siwezi kukubaliana nao. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, alikusanya wapagazi wa Zanzibar na kutembea nao bara, akapewa cheo cha meja. Mwaka 1917 Dk. John Arthur wa Thogoto naye aliongoza kikosi cha wapagazi kutoka misheni za Kikuyu. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa njaa, kuhara na malaria, na homa haikumwuliza mtu amebatizwa na nani.

Kisha ikaja kazi ya shuruti. Mwaka 1919 serikali ya Gavana Northey iliwaagiza maofisa na machifu kuwahimiza Waafrika wakafanye kazi katika mashamba ya walowezi. Willis, Askofu Heywood wa Mombasa na Dk. Arthur, yaani watu wa upande wa Kikuyu waliojua kukaribishana, waliandika waraka uliolalamikia ukali wa agizo hilo, lakini ukakubali kwamba shuruti ya kisheria, yenye mipaka, yaweza kuwa halali. Weston aliyewafungia wenzake meza ndiye aliyeikataa shuruti yote, akachapisha kijitabu mwaka 1920 akiwaita Waafrika hao watumwa wa Uingereza. Nasema wazi: katika jambo hili askofu mkali alimpenda ndugu yake Mwafrika kuliko maaskofu wapole. Anayepima upendo wa Kikristo kwa upana wa ukarimu wa ibadani peke yake, ajibu hili kwanza.

Nalo la pili ajibu mwenye kutia saini matamko. Julai 1918 Weston alisafiri mwenyewe hadi Kikuyu, akaketi na watu aliowashtaki miaka mitano nyuma. Aliwaomba wapokee uaskofu, naye akawa tayari kupokea kutoka kwao idhini ya kuhudumu katika makanisa yao. Hawakukubali. Lakini muungano wa misheni ulioanzishwa mwaka huo ndio uliozaa Alliance High School mwaka 1926, miaka miwili baada ya Weston kufariki Hegongo, karibu na Magila.

Kuhusu mgogoro wa leo nina haja moja tu kwa maaskofu wetu, wa pande zote: kabla ya tamko lijalo, apande ndege mtu mmoja aende kwa anayemshutumu, akae naye siku kadhaa, wasali asubuhi na jioni, kisha aandike atakachoandika. Tanzania inafahamu kuishi hivyo. Dayosisi za urithi wa UMCA, zenye uvumba na Misa, na zile za urithi wa CMS, zisizotaka uvumba hata kidogo, ziko katika kanisa moja. Namna zilivyofika hapo, tangu jimbo la Afrika Mashariki lilipoundwa mwaka 1960 hadi lilipogawanywa mwaka 1970, ndiyo habari ya sehemu ijayo.